Daftari la Ini la Isidori Bomba

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Naandika kwa sababu nimeagizwa, siyo kwa kupenda. Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba amebaki hana cha kunifundisha. Hiyo nimeiongeza kidogo. Niliacha kwa sababu mto ulifurika tukashindwa kuvuka, na ulipopungua sikurudi.

Mimi ni Isidori wa kijiji cha Mamba, huku Mpimbwe. Ukiuliza Isidori utaulizwa yupi. Uliza Isidori Bomba, hata mbwa atakusindikiza. Bomba ni lile la mgongoni la kupulizia dawa. Miaka kumi na tisa napuliza mashamba ya watu, mpunga na mahindi, na watoto wa dada zangu wote wananiita Mjomba Bomba. Daktari anatibu watu, mimi natibu mashamba.

Wiki iliyopita nilikuwa pale kwa fundi baiskeli, nawasimulia watu habari ya kiboko wa Sitalike niliyempulizia dawa ya kuua majani machoni akalia kama mtoto. Nikasinzia. Mimi! Katikati ya hadithi yangu mwenyewe, kabla kiboko hajalia. Mke wangu Helena alipoambiwa hakucheka. Alisema, "Baba Edgar, miezi mitatu sasa unachoka kama mzee wa miaka tisini, na unashika ubavu wa kulia ukidhani sikuoni." Leo asubuhi tumepanda gari la Mpanda.

Hospitali wamenitoa damu, wakanipaka kitu cha baridi tumboni, wakaangalia kwenye televisheni. Daktari anaitwa Emelyne. Kwa umri ningeweza kumzaa, kwa sauti nilimwogopa. Akasema, "Mzee wangu, ini lako lina mafuta, na kuna kitu kinaliumiza. Hapa kwenye damu tunataka namba isizidi arobaini. Yako ni mia moja kumi na nane."

Kidogo nijisifu, maana sijawahi kupata mia darasani.

Virusi vya homa ya ini sina. Kisukari sina. Unene sina, mimi mwembamba kama mpini wa jembe. Akauliza, "Pombe?"

"Tangu niokoke mwaka 2006 sijaonja."

Akamwangalia Helena. Helena akaangalia ukuta.

"Kuna dawa yoyote unatumia? Ya hospitali au ya kienyeji?"

"Daktari, mimi na dawa hatujuani. Hata panado naisikia kwa majirani."

Akaandika: dawa, hakuna. Kisha akasema ini likiendelea hivi linaweza kukakamaa, na likikakamaa halirudi. Nirudi Februari. Mpaka hapo niandike kila siku nimekula nini, nimekunywa nini, nimeshika nini, nimejisikiaje. "Na uandike kweli tupu," akasema. Nani kamwambia habari zangu, sijui.

Jumanne, 3 Desemba

Ugali, maharage. Maji. Nimeshika jembe. Nimejisikia vizuri.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua nzuri. Ugali, mlenda. Helena kanisogelea kunisalimia na pua mbele. Nimeelewa anachotafuta.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepuliza dawa ya majani kwa Mwandu, ekari sita. Nne. Mwandu ni Msukuma, alihamia hapa na ng'ombe wake mwaka ule nilipojenga, na tangu hapo tunataniana bila kupumzika. Ncha ya bomba iliziba mara mbili, nikaizibua kwa kupuliza na mdomo kama kawaida. Jioni Mwandu alinipa maziwa, nusu lita. Kila mpuliziaji anajua kwamba maziwa yanakata sumu. Ndiyo maana miaka kumi na tisa nipo.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani nimesinzia. Kichwa kizito. Wali na kuku, nusu sahani.

Jumatatu, 9 Desemba

Bado nimechoka. Kitalu cha mpunga kimeota.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimepuliza kitalu cha mama mmoja wa barabara ya Majimoto. Dawa ya wadudu, kali. Kupima ukali naweka tone kwenye ncha ya ulimi, ikiuma hesabu mbili ni sawa. Wenzangu wanaogopa, ndiyo maana mimi ni mimi. Maziwa nusu lita.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimelala mchana. Ubavu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Pilau. Soda mbili. Helena alinusa glasi yangu kabla sijaishika.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo pana maneno, nitaandika yote.

Tulikuwa kwenye majaruba tunapandikiza, maji ya magotini, mimi naimba kuliko wote. Niliporudi kuchukua miche nikamkuta Helena kibandani ameshika kidumu changu, kile cha lita tano ninachofichaga nyuma ya viroba. Macho mekundu.

"Hii ndiyo nini?"

"Maziwa."

"Maziwa yanafichwa?"

"Nisipoyaficha wajukuu wanamaliza. Ni ya kukatia sumu, mama Edgar, Mwandu kanipa jana."

Akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kama amepigwa kofi. "Maziwa gani yananuka hivi? Hii ni gongo gani mpya?"

Nikamwambia onja. Akasema haonji pombe ya mtu. Akamwaga yote kwenye tope, rangi nyeupe ikaelea, hata hakuiangalia, alikuwa ameshageuka anaondoka. Nikapiga kelele, "Si unaona ni maziwa!" Watu wa mashamba matatu walisikia. Mwandu akajibu kutoka upande wa pili: "Mtani, leo umelewa maziwa?" Wote wakacheka.

Hapa ndipo ninapoumia. Maisha yangu yote nimesema mambo makubwa. Nimesema nimekimbizana na simba mpaka simba akachoka. Nimesema ndege kwelea kwelea elfu kumi walianguka kwa sauti yangu tu. Watu wakacheka, nami nikafurahi. Leo nimesema neno moja dogo la kweli, sinywi, na hakuna hata mmoja wa kuliamini. Hata aliyelala na mimi miaka ishirini na sita.

Jumapili, 12 Januari

Mzee wa kanisa Methusela kaja na wenzake wawili kunikemea roho ya ulevi. Nilipiga magoti nikakemewa. Ningefanyaje? Aliomba dakika arobaini. Hii sijaongeza, Helena alitazama saa.

Jumatatu, 13 Januari

Ugali, dagaa wa Ikola. Sijaongea na mtu.

Alhamisi, 23 Januari

Nimepuliza kwa Mwandu, ekari nne, nne kweli. Upepo ulinirudishia usoni. Shati lililowa mgongoni, bomba linavuja pale kwenye mfuniko. Maziwa nusu lita.

Ijumaa, 24 Januari

Sikuamka.

Jumamosi, 25 Januari

Niliamka saa nne. Uji.

Jumanne, 4 Februari

Tumerudi Mpanda leo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani, nina hasira na furaha, sijui ipi zaidi.

Daktari Emelyne alikaa na daftari hili. Alisoma polepole, anarudi nyuma, anakwenda mbele. Mwanzoni alicheka, kwenye kiboko. Kisha akaacha kucheka. Akachukua kalamu nyekundu, akawa anazungushia duara. Nikadhani anasahihisha herufi.

"Mzee wangu," akasema, "uliniambia hutumii dawa."

"Situmii."

"Tarehe saba, umeandika dawa. Tarehe ishirini, dawa. Tarehe ishirini na tatu, dawa."

"Aa, daktari! Hiyo ni dawa ya shamba. Wewe uliuliza dawa ya mtu."

Akaweka kalamu chini. "Mimi niliuliza dawa."

"Na mimi nilijibu dawa!"

Yeye kasoma miaka mingapi, mimi darasa la tano, na wote wawili tumeangukia kwenye neno moja. Helena akaanza kucheka, cheko la mtu anayekaribia kulia.

Daktari akageuza daftari nami nikaona. Kila palipo na duara jekundu la dawa, siku moja au mbili zinazofuata nimeandika nimelala, nimechoka, ubavu. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, nisione.

Akauliza habari ya maziwa, kidumu chake kilitoka wapi. Nikamwambia ni kidumu cha dawa kilichokwisha, nakiosha vizuri kwa mchanga na majani. Watu wote huku wanafanya hivyo, ni vidumu vigumu, havipasuki. Akaziba uso kwa viganja. "Yaani ulikuwa unakunywa dawa ya kukata sumu ndani ya chombo cha sumu." Akasema plastiki haioshiki ndani kabisa, inashika sumu, na maziwa yenye mafuta yanaivuta kama sabuni inavyovuta jasho. Na hata yangekuwa kwenye kikombe cha dhahabu, maziwa hayakati sumu ya shambani.

Nikamwomba anieleze kwa lugha ya Mamba. Akaeleza hivi, nami naandika nilivyoelewa. Mwilini kuna wajumbe, wanaitwa homoni. Kila mmoja anabeba barua: tunza mafuta, choma mafuta, kua, lala. Ini ndilo ghala, linasoma barua na kutii. Sasa kuna kemikali, zingine zimo kwenye dawa za shamba, zingine kwenye plastiki, zinafanana na wale wajumbe. Ni kama mtu wa mjini anakuja kijijini na barua yenye muhuri wa kughushi. Mtunza ghala anasoma: pokea mafuta, usitoe. Anapokea. Kesho tena pokea. Mpaka ghala linapasuka milango.

"Kwa hiyo ndiyo imeniumiza," nikasema.

"Siwezi kukuapia," akasema. "Wataalamu bado wanachunguza, na ini la mafuta lina sababu nyingi. Ila nimeondoa sababu moja moja, na hii ndiyo kubwa iliyobaki mezani. Ningekuwa wewe nisingesubiri waape."

Nilitaka aape. Mimi ningeapa mara tatu. Lakini nimeona mtu asiyeongeza anavyosikilizwa.

Masharti: nisipulize tena. Nisipime kwa ulimi wala kuzibua kwa mdomo. Vidumu vya dawa vitobolewe, hakuna kuweka maji, mafuta wala maziwa. Uji wa moto usimiminwe kwenye plastiki. Nirudi Juni.

Kisha Helena akauliza, sauti ndogo: "Daktari, kwa hiyo si pombe?"

"Mama, kwenye vipimo na kwenye daftari sijaona pombe."

Tukiwa njiani gari lilipita daraja la Sitalike. Viboko walikuwa wamejaa pale chini na hadithi yangu nikaiacha. Helena ndiye aliyesema. "Martin alivimba tumbo likajaa maji. Aliniapia hanywi mpaka siku anakufa, na chupa tulizikuta chini ya godoro." Martin ni kaka yake, tulimzika mwaka ule wa mvua kubwa. "Wewe ulipoapa, nilisikia sauti yake."

Miezi miwili nilikuwa namwita moyoni mwangu askari. Kumbe alikuwa anaogopa kuzika tena.

Jumatano, 5 Februari

Nimetoboa vidumu kumi na moja. Bomba nimelitundika juu kibandani. Ugali, maharage, maji ya kisima kwenye ndoo ya chuma.

Ijumaa, 7 Februari

Kwa fundi baiskeli nimetangaza: msimu huu shamba langu, ekari tatu, halitagusa dawa hata tone, na nitavuna kuliko wote. Kuliko wote sikutakiwa kusema. Yalishatoka.

Mwandu kasema, "Mtani, magugu yatakula mpunga, yatakula mpini, yatakula na wewe. Nikupe ng'ombe mmoja umlishe hayo magugu?"

Jumatatu, 17 Februari

Mvua. Mvua. Palizi.

Jumanne, 18 Februari

Mvua. Palizi. Nimesimama mchana mzima bila kusinzia.

Jumapili, 2 Machi

Mzee Methusela kanishika mkono baada ya ibada, kasema maombi yale yamejibiwa, roho ya ulevi imetoka. Nilikuwa na majibu kumi na mawili. Helena akawahi: "Mzee, haikuwahi kuingia." Ameondoka na kofia yake mkononi.

Alhamisi, 13 Machi

Wiki hii ni mbaya. Magugu ya ndago yamepita mpunga kwa kimo. Mvua imenyesha siku tisa, ukipalilia jaruba la mbele, la nyuma linaota kama hukufika. Ekari tatu, watu wawili, Edgar yuko Mpanda na kazi zake. Mashamba ya jirani yamepulizwa, safi kama ukumbi wa harusi. Langu unaweza kupoteza mbuzi.

Watu wakipita njiani wanasimama. Wale wale niliowapulizia. Mmoja kauliza kama nafuga nyoka. Mwandu hakutania safari hii. Alisimama ukingoni, akasema taratibu, "Mtani, puliza siku moja tu. Ini halitajua." Utani wake haujawahi kuniuma, huruma yake imeniuma.

Nashon wa duka la pembejeo kanisimamisha sokoni. Anasema amepokea mpya, chupa ndogo, siku tatu ndago zote chali. "Mjomba Bomba, wewe ndiye uliyenifundisha kuuza hizi. Leo umegeuka mlokole wa magugu?" Nilicheka naye. Chupa nikaiweka mfukoni.

Niliingia kibandani nikashusha bomba. Lilikuwa na vumbi, nikalifuta. Najua uzito wake kuliko ninavyojua wa mjukuu wangu. Mikanda ikakaa mabegani pale pale ilipotoboa shati miaka yote. Nikajiona tena Isidori Bomba, mtu anayeitwa, mtu anayesubiriwa na kijiji kizima. Bila hili mimi nani? Mzee mmoja mwembamba mwenye maneno mengi. Nilimimina maji, nikafungua chupa, na ile harufu ilipopanda mdomo wangu ukajaa mate, ulimi wenyewe ukasogea mbele kutaka kuonja. Ulimi! Bila kuambiwa!

Hapo nikaogopa. Sijawahi kuandika neno hilo kuhusu mimi mwenyewe, na simba wote wale. Nikaona kwamba mwili wangu umeshazoea kupokea barua za yule mtu wa mjini.

Nilifunga chupa. Mikono sikuipaka popote, nikaenda kuinawa kwa sabuni mara nne. Kisha nikamwita Helena nikamwonyesha chupa na bomba lililojaa maji, nikamweleza yote, hata mate. Nilingoja anipigie kelele.

Akasema, "Kesho naleta akina mama wa kwaya. Wewe utapika."

Ijumaa, 14 Machi

Nimepika wali wa wanawake kumi na saba. Kumi na saba kamili, hesabu vijiko. Umeungua chini.

Jumamosi, 15 Machi

Wamerudi na majembe na nyimbo. Nimepika ugali. Wamesema bora jana.

Jumatatu, 17 Machi

Ekari moja na nusu safi. Chupa nimemrudishia Nashon. Kasema hapokei kilichofunguliwa. Nikamwambia basi anionyeshe pa kukitupa. Kakuna kichwa, hajui. Miaka kumi na tisa nanunua mimi na kuuza yeye, wote hatujui pa kukitupa. Afisa kilimo wa kata ameichukua, anasema ataipeleka panapostahili.

Jumatano, 26 Machi

Palizi imekwisha. Sehemu ya chini, karibu robo ekari, tumeiacha, ndago zimeshinda. Sitaisema kwa fundi baiskeli. Naisema hapa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nyama, wali, sahani nzima na nusu. Helena hakunusa glasi.

Jumatatu, 5 Mei

Kufukuza ndege tangu asubuhi. Sauti yangu imekwisha. Kwelea kwelea hawakuanguka, hata mmoja, wamehamia kwa Mwandu tu.

Alhamisi, 22 Mei

Tumepura. Turubai mbili, vumbi mpaka kwenye meno. Watu wamekuja kusaidia, na wengine wamekuja kuhesabu, nawajua kwa macho. Magunia kumi na tisa. Mwaka jana yalikuwa ishirini na saba.

Mwandu kakaa juu ya gunia. "Haya, kijiji kinasubiri. Niwaambie ngapi? Hamsini?"

Nilikuwa na hadithi tayari. Nilikuwa na upepo ulioangusha magunia thelathini, nilikuwa na tembo kutoka hifadhini, wanne. Nikasema, "Kumi na tisa."

Kakunja uso. "Mtani, unaumwa?"

Nyama hakuna, tumekula mihogo.

Jumanne, 10 Juni

Mpanda tena. Baridi ya asubuhi, Helena kavaa koti langu. Damu, na kile kitu cha baridi tumboni. Daktari Emelyne alisoma daftari lote kabla ya kutazama majibu. Kwenye Machi 13 alikaa sana.

Namba ni sitini na nne. Inatakiwa arobaini.

"Imeshuka," akasema, "lakini haijafika. Mafuta kwenye ini bado yapo, kidogo kuliko Desemba. Huenda ni kwa sababu uliacha dawa, huenda na jasho la jembe limesaidia. Endelea. Nione tena Desemba."

Nikauliza kama nimepona.

"Hapana, mzee wangu. Uko njiani."

Helena alinishika mkono mbele ya watu, ndani ya hospitali. Hii sijaongeza.

Tulishuka kwenye gari jioni, jua bado lipo, na pale kwa fundi baiskeli walikuwa wamejaa kama wanasubiri matokeo ya mpira. Mwandu alikuwa mbele na fimbo yake.

"Haya Bomba, lete!"

Nilivuta pumzi. Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga: daktari kaita madaktari wenzake saba waje kulitazama ini la Mamba, limekuwa jipya, linang'aa, wanataka kulipiga picha wapeleke Dodoma. Yalikuwa mazuri. Niliyatazama moja moja, nikayaacha yapite.

"Sitini na nne," nikasema. "Inatakiwa arobaini. Sijapona. Nimeacha kupuliza na sirudii. Jembe ninalo."

Fundi akaacha kupiga tairi pampu. Walisubiri kipande cha kuchekesha na hakikuja. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, wengine wakinitazama kama ni mgeni.

Mwandu hakuondoka. Alitusindikiza mpaka nyumbani, na njia nzima hakutania. Mlangoni akamwambia Helena, "Shemeji, kweli hiyo namba?"

"Nilikuwepo. Niliiona imeandikwa."

Akachora chora chini na fimbo. Kisha akaniuliza, hatazami usoni, kama daktari yule anapokea na Wasukuma.

Nikasema anapokea hata wezi wa mpunga. Akacheka kidogo. Nikaleta daftari, kurasa zimebaki nyingi. Nikamwambia Jumatatu tutaenda wote, ila aende na maandishi, na kwa kuwa yeye na kalamu hawapatani, nitamwandikia mimi. Nikaandika Mwandu juu ya ukurasa. Nikauliza, "Leo umekula nini, umeshika nini?"

"Futa hilo jina," akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi naogesha ng'ombe dawa ya kupe kila wiki, na mashamba wengine wananipulizia. Lakini mashati yote, ya kwangu na ya vijana wa zizini, yaliyolowa dawa, anafua mke wangu. Kwa mikono, ndani ya beseni lile lile anakandia unga. Mwaka wa pili sasa anachoka, anashika hapa." Akajishika ubavu wa kulia. "Nilikuwa namwambia ni uvivu."

Nikafuta. Nikageuza ukurasa mpya, nikaandika tarehe vizuri kama nilivyofundishwa darasa la pili. Kisha kalamu ikasimama. Miaka yote hii nimekunywa maziwa aliyokamua yeye, nimekula kwake, nimemwita shemeji, jina lake sikuwahi kuuliza.

"Anaitwa nani?"

"Christina."

Nikaandika Christina. Tukainuka, tukaenda kumwuliza mwenyewe.